Kumbe wimbo wa harusi ni wa mpelelezi!

Msomaji wangu, hebu nikuulize kabla hujafika mbali. Ni nyimbo ngapi za Kizungu unazicheza mpaka jasho linakutoka, na wala hujui zinasema nini? Usione haya, tuko wengi. Wiki hii nimezipitia kanda za mjomba wangu hapa Soni, na niliyoyakuta humo nimeona nisikae nayo peke yangu.

Kwa wasiopajua, Soni ni pale unapopumua ukitoka Mombo kupanda Lushoto, baada ya zile kona za kutisha, penye maporomoko ya maji na njia panda ya kwenda Bumbuli. Panasifika kwa baridi, kabichi na matunda. Katika miaka ya 1980 palisifika pia, angalau mtaani kwetu, kwa mjomba. Alikuwa kijana wa kazi Tanga mjini, na kila akija likizo alishuka na redio kaseti ya betri sita na kanda mpya alizorekodiwa dukani. Jioni ua ulijaa vijana, watu wanaserebuka ile mbaya.

Enzi hizo bila kanda hupati kitu. Bara hakukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, mwaka ambao na redio za watu binafsi zilianza kusikika. RTD ilikuwa ya Mlimani Park, Juwata na Vijana Jazz. Ukitaka mambo ya London, sharti umjue mtu mwenye kanda.

Muziki wenyewe Wazungu waliuita new wave, yaani wimbi jipya. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Vijana, wengi wao hata darasa la muziki hawakuliona, walichukua vinanda vya umeme vilivyokuwa vimeanza kushuka bei, wakaongeza mashine ya kupiga ngoma, wakaimba. Ukifikiri vizuri, hawana tofauti kubwa na vijana wetu wa Bongo Flava na kompyuta zao chumbani.

Kanda zilikuwa kumi na moja. Ukungu wa Soni mnaujua. Uliingia mpaka kabatini ukageuka ule ukungu mwingine, mweupe, unaoota kwenye mkate. Zilizokubali kuimba ni nne tu. Nikazirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa mota ya redio, kisha nikasikiliza huku simu iko mkononi, natafuta maneno kwenye intaneti. Hapo ndipo nilipochoka!

Wa kwanza ni "Enola Gay" wa kundi la OMD la Uingereza, 1980. Mjomba anasema huo ndio ulikuwa wa kufungulia dansi. Kinanda chake kitamu, utadhani wanamsifia binti. Kumbe Enola Gay ni ile ndege ya Marekani iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima, Agosti 6, 1945. Rubani aliipa jina la mama yake mzazi. Watu walikuwa wanacheza bomu!

Wa pili ni "99 Luftballons" wa kundi la Nena, 1983. Huu ni Kijerumani kitupu. Mababu zetu walikisikia Kijerumani wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, lakini wajukuu hawakuambulia neno. Hadithi yake ni ya mapulizo tu, yale ya watoto. Yanaruka angani, wanajeshi wanadhani wamevamiwa, vita inalipuka na mji unabaki kifusi. Ulaya enzi hizo ilikuwa imegawanyika mara mbili, kila upande una makombora, na vijana walikuwa na hofu ya kweli. Waliamua kuicheza hofu yao.

Wa tatu ni wa mtoto wa nyumbani, Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Queen ni kundi la roki, lakini "Radio Ga Ga" ya 1984 ina vinanda na mashine ya ngoma kama wenzao wa wimbi jipya. Humo wanailalamikia redio inayofunikwa na televisheni. Soni waliucheza mbele ya redio, na televisheni yenyewe hawajaiona!

Sasa tufike kwenye wa nne, maana huu umeleta maneno nyumbani. Ni "Every Breath You Take" wa The Police, 1983. Unaujua, hata kama hujui kuwa unaujua, maana mwaka 1997 Puff Daddy aliuchukua muziki wake kumlilia Notorious B.I.G. Binamu yangu, binti wa mjomba, alikuwa ameshauchagua wa kuingilia ukumbini siku ya sendofu yake. Nikamwonyesha maneno. Anayeimba ni mwanamume aliyeachwa, anaapa kumfuatilia mwanamke kila hatua na kila pumzi. Sting, aliyeutunga ndoa yake ikiwa imevunjika, amekwisha kusema kuwa ni wimbo mbaya, na anashangaa watu wanavyoufungia ndoa.

Binamu akanyamaza. Kisha akasema, "Kaka, mbona huyu ni kama mwenzangu?" Kumbe mchumba wake humdai picha kila anaposhuka kwenye daladala, aone yuko wapi na nani. Mwenyewe alikuwa akiita mapenzi.

Jumapili aliketi naye, wakayasoma maneno mstari kwa mstari. Jamaa alianza kwa kucheka. Walipofika katikati kicheko kikakata. Wimbo umeondolewa kwenye orodha. Picha bado anadaiwa, ila sasa hazitumi, na amesema sendofu itasubiri mpaka madai yaishe.

Nilimuuliza mjomba kama na yeye alijua. Akanijibu, "Mjomba, sisi tulicheza ngoma, maneno tuliwaachia wenyewe."

Simlaumu, yeye hakuwa na intaneti. Wewe unayo mfukoni. Kwa hiyo kabla hujampa DJ karatasi yako ya nyimbo, tafuta zinasema nini. Na kama anayekupenda anakuhesabia pumzi, ujue midundo mitamu haibadilishi maneno.

Tukutane wiki ijayo.