Uchovu wa mwalimu kwenye mate ya mwanafunzi

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl, walichapisha utafiti uliotegemea mate ya watoto. Walikusanya mate ya wanafunzi zaidi ya 400 wa darasa la nne hadi la saba, wakapima kiasi cha kortisoli, homoni ambayo mwili huimwaga mtu anapokuwa kwenye msongo. Kando ya hapo waliwapa walimu 17 wa watoto hao dodoso, waeleze wamechoshwa na kazi kwa kiwango gani. Watoto wa walimu waliokiri kuchoka hadi kukata tamaa ndio waliokutwa na kortisoli ya juu asubuhi kuliko wenzao.

Watafiti hao hawakusema nani alimwambukiza nani. Huenda mwalimu aliyechoka huwatia watoto msongo, huenda darasa lenye watoto wagumu humchosha mwalimu, na huenda yote mawili yanazunguka pamoja. Lakini kwa mtu anayejua shule zetu, kilichopimwa pale si kigeni. Mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi anaweza kukuambia, kabla mwalimu hajafungua kinywa, kama leo ni siku ya kuuliza swali au siku ya kuinamia daftari.

Semina nyingi za akili hisia shuleni, yaani za uwezo wa kuzitambua na kuzimudu hisia, huanza na mwanafunzi: afundishwe kujitambua, kujizuia, kuheshimu wenzake. Nadhani zinaanzia upande usio sahihi.

Dhana yenyewe iliingia rasmi kwenye saikolojia mwaka 1990, Peter Salovey na John Mayer wa Marekani walipoandika makala wakieleza kwamba kuna uwezo wa akili unaohusika na hisia. Mwaka 1997 waliupanga katika mafungu manne: kuzitambua hisia usoni na sautini, zako na za wengine, kuzitumia kusaidia fikra, kuelewa zinatoka wapi na zinageuka kuwa nini, na kuzimudu. Mwandishi wa habari Daniel Goleman ndiye aliyeitangaza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1995, ambacho jalada lake lilidai kwamba akili hiyo yaweza kuwa na uzito kuliko akili inayopimwa kwa majaribio ya kawaida. Hapo chumvi iliongezwa. Carolyn MacCann na wenzake walipokusanya mwaka 2020 tafiti zilizohusu wanafunzi zaidi ya 42,000 katika nchi 27, waliona kwamba wenye akili hisia ya juu hufanya vizuri zaidi darasani, ila uhusiano huo ni wa wastani tu. Uwezo wa kawaida wa akili na bidii ya kazi bado vinatangulia.

Na tuliondoe mapema wazo moja: akili hisia si upole. Mwalimu anayecheka na kila mtu lakini haoni kwamba mtoto wa dawati la nyuma amenyamaza wiki nzima, hana. Mwalimu mkali asiyemdhalilisha mtoto, anayejua lini akaze na lini alegeze, anayo.

Hisia huingiaje kwenye masomo? Ndani kabisa ya ubongo kuna vinundu viwili vidogo viitwavyo amigdala, ambavyo kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Vikistuka, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo unadunda, viganja vinalowa, kortisoli inapanda. Mbele, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu inayopanga, inayozuia pupa na inayoshikilia mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo mtu anayoitumia kukokotoa 17 mara 6 bila karatasi, na ndiyo inayovurugika hofu inapopanda. Mtoto anayeogopa kuchapwa akikosea anafanya hesabu huku akimchunga mwalimu kwa jicho la pembeni, sawa na mtu mwenye ndoo mbili mikononi anayeambiwa apokee na ya tatu. Akimwaga, tunasema hana kichwa cha hisabati.

Somo la hisabati ndilo lenye ushahidi mwingi zaidi wa jambo hili. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia walimu 17 wa kike wa darasa la kwanza na la pili. Mwanzoni mwa mwaka, hofu ya mwalimu kwa hisabati haikuwa na uhusiano wowote na alama za watoto. Mwisho wa mwaka, wasichana waliofundishwa na walimu wenye hofu kubwa walikuwa wameelekea zaidi kuamini kwamba hesabu ni za wavulana, na wenye imani hiyo ndio waliokuwa nyuma kwa alama. Wavulana hawakuguswa. Hakuna mwalimu aliyewatangazia wasichana hao kwamba hesabu si zao. Walijifunza kwa kumtazama.

Kwa vijana wa sekondari kuna jambo jingine. Sehemu ile ya mbele ya ubongo hukomaa polepole hadi mtu anapokaribia miaka 25, ilhali mitambo ya msisimko na hasira huchacha mapema, tangu balehe. Kijana wa kidato cha pili anayejibu kwa mkato mbele ya wenzake, kisha jioni akajuta, si lazima awe na utovu wa nidhamu wa kudumu. Ana breki ambazo bado zinafungwa. Kijana huyo humtazama mtu mzima aliye mbele yake ili ajue hasira hufanyiwa nini. Tatizo ni pale mtu mzima mwenyewe anapomjibu kwa kiboko.

Hapa Tanzania, kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma hapa anajua umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na mstari wa asubuhi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 uliwauliza vijana yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18: takriban nusu, wa kike kwa wa kiume, walisema walipigwa na mwalimu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza katazo la kumtesa mwanafunzi kiakili. Hata huko fimbo haijaisha.

Ukiwauliza walimu, wengi watakupa sababu ya malezi. Wachache wakiwa peke yao watakupa sababu ya kweli: nilikuwa nimekasirika. Kipindi cha sita, watoto 90 kwenye chumba cha watoto 45, madaftari ya jana hayajasahihishwa, mkopo unakatwa kabla mshahara haujaonekana, na mtoto mmoja anacheka nyuma. Si utetezi wa kupiga, bali ni maelezo ya mahali ngumi inapotoka, na mafunzo yasiyogusa mahali hapo hayatabadili kitu.

Mafunzo yanayogusa yapo, na yamepimwa hapa hapa. Mabula Nkuba, mtafiti wa Kitanzania, na wenzake wa Ujerumani walichukua shule nane za sekondari za serikali, wakazigawa kwa bahati nasibu. Walimu wa kundi moja walipewa warsha ya siku tano na nusu. Ndani yake kulikuwa na mbinu za nidhamu bila kipigo na namna ya kumtambua mwanafunzi aliyeelemewa, lakini pia walimu walitakiwa kukumbuka walivyopigwa wao wenyewe utotoni na walichokihisi siku ile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba miezi michache baadaye ukatili wa mwili na wa maneno ulikuwa umepungua kwenye shule hizo kuliko kwenye zile zisizopata warsha. Waliosema hivyo ni walimu na wanafunzi pia, na ushahidi wa wanafunzi ndio wenye uzito kwangu, kwa kuwa mwalimu aliyetoka semina anajua jibu linalotakiwa.

Uganda ilikuwa imetangulia. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu hadi mpishi, ukajaribiwa kwenye shule 42 za msingi wilayani Luwero. Mwaka 2015 matokeo yalitoka: katika shule zenye mpango, asilimia 31 ya wanafunzi walisema walipigwa na mfanyakazi wa shule wiki iliyopita, dhidi ya asilimia 49 katika shule nyingine. Watoto walijisikia salama zaidi shuleni. Alama za majaribio, hata hivyo, hazikupanda. Nalitaja kwa sababu wauzaji wa semina hupenda kuahidi ufaulu, na mzazi ana haki ya kujua kwamba ahadi hiyo haitimii kila mahali.

Upande wa wanafunzi, ushahidi umechanganyika zaidi. Joseph Durlak na wenzake walijumlisha mwaka 2011 matokeo ya programu 213 za kufundisha stadi za hisia shuleni, zilizowafikia wanafunzi zaidi ya 270,000, wengi wao Wamarekani. Kwa wastani, mtoto aliyekuwa wa 50 katika watu 100 alisogea hadi wa 39 kimasomo. Lakini ufaulu ulipanda pale tu programu ilipoendeshwa na walimu wa shule ile. Wageni walipokuja na kuondoka, alama zilibaki zilipokuwa. Uingereza nao walijaribu kuwafundisha watoto wa miaka 11 hadi 13 kutulia na kuziangalia hisia zao bila kuzihukumu, katika shule 85 zenye wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo ya mwaka 2022 yaliwakatisha tamaa wengi: afya ya akili ya watoto haikuwa bora kuliko ya waliofuata ratiba ya kawaida. Waliopata nafuu, angalau kwa muda, ni walimu, ambao uchovu wao ulipungua, na mazingira ya shule yakachangamka kidogo.

Kenya imetoa mfano mwingine wa kutia moyo. Taasisi ya Shamiri iliwatuma vijana waliotoka sekondari juzijuzi, wasio na shahada ya saikolojia, wakakutane na wanafunzi wa Nairobi na Kiambu saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Walizungumzia shukrani, mambo wanayoyathamini maishani na imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha vijana 413 wenye dalili za sononeko au wasiwasi, waliopitia vikao hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Sifa yake kubwa ni udogo wake: saa nne, bila kliniki, na aliye mbele yako amevua sare ya shule mwaka juzi tu.

Basi mwalimu wa darasa la watoto 90 afanye nini Jumatatu? Hana saa ya ziada, na somo jipya kwenye ratiba ni mzigo mwingine. Anachoweza kubadili ni sekunde chache zilizopo tayari. Chukua lango la shule saa moja na dakika ishirini. Mtoto wa darasa la sita anafika mbio, sare imelowa. "Shikamoo, mwalimu." Mwalimu wa zamu anaweza kumpigisha magoti mbele ya mkondo mzima. Anaweza pia kusema, "Marahaba. Ni mara ya tatu wiki hii. Ingia darasani, saa nne uje unione." Kosa halijasamehewa. Limehamishwa kutoka mahali pa aibu kwenda mahali ambapo mtoto anaweza kusema kwamba mama amelazwa na yeye ndiye anayewapeleka wadogo zake chekechea.

Kuitaja hisia kwa jina nako kuna faida inayoonekana kwenye picha za ubongo. Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha mwaka 2007 kwamba watu walipochagua neno la kueleza hisia iliyo kwenye sura waliyoonyeshwa, amigdala ilitulia na sehemu ya mbele ikachukua kazi. Mwalimu anayeliambia darasa, "Leo nimekasirika, nipeni dakika moja," hajajishusha. Amewaonyesha watoto kwa vitendo kile ambacho semina ingewaandikia ubaoni. Kuzomea mtoto aliyekosea jibu, tabia inayovumiliwa mno, kunaweza kupigwa marufuku bila bajeti yoyote.

Mkuu wa shule ana kazi kubwa kuliko wote, na ni ya kawaida kabisa: kuwauliza walimu wake hali zao kabla ya kuwauliza maandalio ya somo. Kikao cha walimu kinachoanza na kuishia kwenye asilimia za ufaulu hupelekwa darasani kikiwa kizima.

Kupima haya yote ni jambo la kufanyia uangalifu. Mwaka 2022 mradi wa ALiVE uliwapima vijana wa miaka 13 hadi 17 wa Kenya, Tanzania na Uganda katika kujitambua, kutatua matatizo, kushirikiana na kuheshimu, kwa zana zilizotungwa na wataalamu wa Afrika Mashariki badala ya kuazimwa nje. Zana za aina hiyo ni nzuri kwa kuangalia mfumo. Zisigeuzwe alama za ripoti ya muhula, kwa maana mtoto atajifunza haraka kuigiza unyenyekevu ili apate A.

Na kuna mipaka. Mtoto anayeacha kula, anayejiumiza, anayelia bila sababu inayoeleweka kwa wiki kadhaa au anayeogopa kurudi nyumbani anahitaji zaidi ya mwalimu msikivu. Apelekwe kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, kisha kituo cha afya au ustawi wa jamii. Akiwa hatarini, Tanzania na Kenya zina simu ya huduma kwa mtoto isiyotozwa malipo, namba 116 kwa nchi zote mbili.