Bei ya gramu moja ya protini

Kopo la unga wa protini la ratili tano, lile kubwa linalopangwa kwenye rafu za maduka ya virutubisho Dar es Salaam na Nairobi, lina uzito wa kilo 2.27. Kwa kawaida lebo yake husema kijiko kimoja cha kupimia ni gramu 31 hivi, na kati ya hizo gramu 24 ni protini. Ukipiga hesabu ya kopo zima unapata protini gramu 1,750 hivi. Hicho ndicho unachonunua. Ladha ya chokoleti na picha ya misuli ni mambo ya muuzaji.

Hesabu hii ya gramu haifanywi sana sokoni kwetu, na wanaoumia ni watu wanaotafuta tu kifungua kinywa cha kuwafikisha saa saba mchana. Wengi wao hawanyanyui vyuma. Ni makondakta, walimu, wauguzi wa zamu, na akina mama wanaotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala. Wameambiwa protini inashibisha kuliko wanga, na hawakudanganywa. Uji wa sembe uliopikwa kwa gramu 40 za unga una protini gramu 3 hivi. Sukari inautia nguvu ya muda mfupi bila kuongeza hata gramu moja. Mtu mzima anayetaka mlo wa asubuhi umkae tumboni anahitaji gramu 20 au zaidi, na pengo kati ya 3 na 20 ndilo biashara hii inaloliuza.

Tuanze na kopo. Unga wake mwingi ni wei, yaani maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini. Kutengeneza kilo moja ya jibini kunahitaji lita kumi hivi za maziwa, na takriban lita tisa hubaki kama wei. Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya na Marekani viliyaona maji hayo kuwa mzigo: yalipewa nguruwe, yalimwagwa mashambani, yalichafua mito. Teknolojia ya kuchuja kwa utando mwembamba, iliyoenea kuanzia miaka ya 1970, iligeuza uchafu huo kuwa mali. Leo wei ya kawaida iliyokolezwa ina protini asilimia 80, na ile iliyosafishwa zaidi hufika 90. Mwaka 2008 kampuni ya maziwa ya Ireland, Glanbia, ilinunua Optimum Nutrition ya Marekani, mojawapo ya chapa kubwa za unga huu. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema wei ni mabaki. Na kwa kuwa sasa protini inatiwa kwenye kila kitu huko Magharibi, kuanzia mtindi hadi biskuti, bei yake kwenye soko la dunia ilipanda sana kati ya 2024 na 2025. Duka la Mwenge au Westlands halina la kufanya juu ya hilo. Linapokea bei ya kiwandani, linaongeza usafirishaji, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, kisha linaweka faida yake.

Ubora wa wei hauna ubishi. Ina asidi zote za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na humeng'enywa haraka. Ugomvi wangu ni na aina moja ya unga inayowekwa pembeni yake: unga wa kuongeza uzito, unaokuja kwenye mfuko unaofanana na mfuko mdogo wa saruji. Mteja anaona kilo nyingi kwa bei inayokaribiana na ya kopo, anadhani amepata. Asome nyuma. Mingi ina protini asilimia 15 hivi, na sehemu kubwa iliyobaki ni wanga wa kiwandani wenye kuyeyuka upesi kama sukari. Maharage makavu yana asilimia 22. Mtu huyo amelipia usafiri wa baharini wa wanga, katika nchi inayolima mahindi.

Sasa tulinganishe. Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Msomaji aweke za sokoni kwake, mpangilio hautabadilika sana. Tuseme kopo la wei ni 250,000. Gawa kwa 1,750, gramu moja ya protini inakugharimu shilingi 143. Lita ya maziwa kwa 2,500 ina gramu 33, kwa hiyo ni shilingi 76. Trei ya mayai 30 kwa 10,000, kila yai gramu 6, ni shilingi 56. Dagaa wakavu kwa 10,000 kilo, wakiwa na protini inayokaribia asilimia 60, ni shilingi 17. Karanga kwa 4,000 kilo ni shilingi 16. Soya kwa 3,000 kilo, ikiwa na asilimia 36, ni shilingi 8 na ushee. Hata ukikata kidogo kwa sababu protini ya mimea haimeng'enywi kwa ukamilifu kama ya maziwa, bado wei ni ghali kuliko soya mara kumi na zaidi. Anayeinunua kwa sababu anasafiri, au kwa sababu hana muda wa kupika, ananunua urahisi, na urahisi una thamani yake. Anayeinunua akiamini ndiyo njia nafuu ya kushiba amepotoshwa.

Soya basi ndiyo inayoshinda kwa bei, lakini ina masharti. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tumbo kuivunja protini. Ukiisaga ikiwa mbichi na kuipika dakika tano kwenye uji, unapata gesi na sehemu tu ya ile protini uliyolipia. Pia ina ile harufu ya ubichi inayowafanya watoto wasukume kikombe. Harufu hiyo hutokana na kimeng'enya kinachoamka punje inapopasuka au kusagwa na maji. Akina mama wanaojua kazi hii huidumbukiza soya nzima kwenye maji yanayochemka tayari, huiacha ichemke karibu nusu saa, huimwaga, huifikicha maganda yakatoka, huianika kwenye turubai hadi ikauke kabisa, kisha huikaanga taratibu mpaka ipate rangi ya kahawia hafifu. Ndipo inapelekwa mashineni. Na mashineni kuna jambo: soya ina mafuta asilimia 20 hivi, ikisagwa peke yake hunata kwenye chekeche. Wasagaji wengi hupendelea ichanganywe na mahindi au ulezi ndipo ipite. Mafuta hayohayo huuchachusha unga, kwa hiyo unaosagwa leo usikae miezi.

Mahindi na soya zinafaana kwa sababu nyingine pia. Mahindi yana upungufu wa asidi ya amino iitwayo laisini. Soya inayo tele. Soya ina uchache wa methionini, nafaka zinaongeza. Ndiyo sababu uji wa msaada wa chakula unaojulikana kwenye kambi na zahanati za kanda hii umekuwa kwa muda mrefu mchanganyiko wa mahindi na soya, takriban sehemu nne kwa moja. Kigali, kampuni ya Africa Improved Foods, iliyoanzishwa kwa ubia wa serikali ya Rwanda na wawekezaji wa nje, imejenga kiwanda kizima juu ya wazo hilo na hununua mazao ya wakulima. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimetoa mbegu za soya za Maksoy tangu 2004. Malighafi na maarifa vipo.

Kinachokwamisha ni unga wa lishe wenyewe, ule wa mifuko ya nailoni unaouzwa sokoni, dukani na kwenye vikundi vya WhatsApp. Mfuko mmoja unajisifu kwa nafaka saba, mwingine kumi na mbili: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, na humo ndani soya na karanga kiasi cha mkono mmoja. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakionya dhidi ya mchanganyiko huu wa kila kitu, na kwa upande wa protini wana haki. Nafaka sita ni wanga sita. Ulezi una madini ya kalisiamu kwa wingi na nausifu kwa hilo, lakini protini yake ni asilimia 7 hivi. Wingi wa majina kwenye mfuko hauongezi kitu. Uwiano ndio unaoamua, na uwiano ndio usioandikwa. Karanga nazo zina hatari ya sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 ilichukua maisha ya watu 125. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu huuzwa rahisi, na zikishasagwa jicho haliwezi tena kuzitambua. Anayenunua unga uliochanganywa tayari amempa muuzaji imani kubwa sana.

Nembo ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, inasaidia hapo, kwa kuwa inamaanisha bidhaa imepimwa kwa kiwango. Haikuambii kama inakufaa kwa bei. Ningependa kila mfuko wa unga wa lishe, hata wa kikundi cha akina mama wa Mbagala, uandikwe gramu za protini kwa kila gramu 100. Kipimo kinapatikana maabara, ni njia ya Kjeldahl iliyobuniwa 1883: hupima naitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Ina udhaifu wake. Mwaka 2008 huko China wahalifu walitia melamini kwenye maziwa ili naitrojeni ipande, watoto sita wakafa na karibu 300,000 wakaugua. Hata hivyo, namba iliyoandikwa na inayoweza kukaguliwa ni bora kuliko orodha ya nafaka.

Kwa asubuhi ya kesho, kikombe kikubwa kinaweza kuwa hivi: ulezi au dona gramu 40, unga wa soya iliyoandaliwa vizuri gramu 20, karanga safi za kusaga kijiko kimoja kikubwa, na yai moja la kuchemsha pembeni. Hapo umefika protini gramu 20 hivi, kwa sehemu ndogo ya gharama ya kijiko cha kopo. Mwenye mzio wa karanga au soya aziache, mgonjwa wa figo aanze kwa daktari wake.

Bei ya soya haitakaa chini yenyewe. Wafugaji wa kuku wanaitaka kwa ajili ya chakula cha mifugo, na tangu Oktoba 2020 soya ya Tanzania ina ruhusa ya kuingia China. Mavuno ya Ruvuma na Nyanda za Juu Kusini yakitoka, kwa kawaida karibu na mwezi wa tano na wa sita, ndio wakati wa vikundi na kaya kununua punje nzima zilizokauka, kuzihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kusaga za wiki mbili tatu kila mara.