Gauni Zuri, Video Mbaya: Nilivyopoteza Oda ya Magauni 6

Wauzaji wenzangu, leo nawapa somo ambalo mimi nimelilipia.

Kuna mteja alitaka magauni 6 ya sare ya sendofu. Akaomba video aione darizi. Nikarekodi usiku, simu inazunguka mkononi. Faili likawa zito, nikalibana. Nikalituma kwa kuchati, likabanwa tena. Akajibu, "Dada, mbona darizi haionekani? Ngoja kwanza nifikirie." Hadi leo anafikiria.

Kumbe mambo yako hivi. Video ni picha nyingi zinazopita haraka. Video ya 1080p yenye picha 30 kwa sekunde, isipobanwa kabisa, inakula kama MB 187 kila sekunde! Ndiyo maana simu inabana tangu inaporekodi. Inatunza picha moja nzima, kisha kwa zinazofuata inaandika zaidi kile kilichobadilika. Ukuta uliotulia hauli nafasi. Ila simu ikitikisika, shanga zikimetameta au giza likileta chenga, karibu kila kitu kinabadilika. Nafasi haitoshi, unaanza kuona viboksi.

Hesabu yake ni rahisi: bitireti (Mbps) × sekunde ÷ 8 = MB. Sekunde 30 kwa 8 Mbps ni MB 30. Kwa 2 Mbps ni MB 7.5. Bando limepona, lakini darizi inaweza kupotea.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Narekodi mchana, simu nimeiegemeza, nyuma ukuta mtupu.
2. Sekunde 20 zinatosha. Ukifupisha video, MB zinapungua na ubora unabaki.
3. Nabana mara moja tu, kutoka video ya mwanzo, na hiyo ya mwanzo siifuti. Kilichopotea hakirudi, hata ukipandisha bitireti baadaye.
4. Nahifadhi kwa H.264. H.265 inaweza kupunguza faili hadi karibu nusu kwa ubora uleule, ila baadhi ya simu za zamani haziifungui.
5. Mteja anayetaka kuona hadi nyuzi namtumia kama dokumenti, isibanwe tena. Namuuliza kwanza kama bando lake linaruhusu.

Na kabla hujamtumia mteja, itume kwanza kwenye simu nyingine, uitazame kwa macho ya mtu anayetaka kutoa hela yake. Wewe mwenyewe ungenunua?