Nani Aliyekuwa Sugu? Bakteria wa Tumboni, Mifugo na Watu wa Kitengela

Aghalabu mgonjwa anapotumia dawa asipate nafuu, walio karibu naye husema kuwa mwili wake umeizoea. Kauli hiyo ina kasoro moja kubwa. Kinachokuwa sugu si mwili wa mgonjwa bali ni bakteria waliomo ndani yake. Na bakteria, tofauti na mwili, huweza kuhama. Makala hii inanuia kueleza jinsi wanavyohama baina ya tumbo la mnyama na la mwanadamu.

Tuchukue Kitengela, mji wa Kaunti ya Kajiado ulio kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kandokando ya barabara iendayo Namanga. Uwanda huu ulikuwa malisho kabla ya kukatwa ploti. Leo vibanda vya kuku viko nyuma ya nyumba za kupanga, na ng'ombe wa Wamaasai bado huonekana kando ya barabara. Mtoto hucheza uani penye kinyesi cha kuku, samadi hutiwa kwenye sukumawiki, na maziwa mengine hunywewa bila kuchemshwa. Njia ya bakteria ni hizo hizo: mikono, mboga, maji na maziwa.

Msafiri anayejulikana zaidi ni Escherichia coli, aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka wa 1885. Huishi katika matumbo ya watu na wanyama, na aghalabu hana madhara, ingawa baadhi ya aina zake huleta kuhara au maambukizi ya njia ya mkojo.

Neno sugu lenyewe ni la kutazamwa kwa makini. Asili yake ni ngozi ya kiganja iliyokuwa ngumu kwa kushika jembe siku nyingi. Mfano huo wa kiganja unapotosha. Bakteria mmoja hagandi polepole kwa kuonja dawa. Miongoni mwa mamilioni huwapo wachache ambao, kwa mabadiliko ya jeni, dawa haiwawezi. Dawa huua wenzao na kuwaachia wao nafasi yote ya kuzaana. Tena usugu haurithiwi na wana peke yao. Bakteria huweza kumpa jirani plazmidi, yaani kipete cha DNA chenye jeni za usugu, hata kama jirani huyo ni wa jamii nyingine. Kwa hivyo bakteria wa kuku hahitaji kufanya makao katika tumbo la mtoto. Akipita tu, yamkini ataacha plazmidi yake. Mwaka wa 2015 watafiti nchini Uchina walitangaza kuwa jeni ya mcr-1, inayoshinda dawa ya kolistini, imo katika plazmidi za bakteria wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa hospitalini.

Dawa nazo ni za ukoo mmoja: tetrasaiklini, penisilini na salfa hutumika zizini na zahanatini. Mfugaji hununua kwenye agroveti, mara nyingi bila kumwona daktari wa mifugo, na wapo wanaowatilia kuku dawa majini wanapougua kideri, ilhali kideri huletwa na virusi. Kiuavijasumu hakiui virusi. Hata hivyo, sioni haki kumwita mfugaji mjinga. Daktari yuko mbali, na ng'ombe ni akiba ya nyumba. Isitoshe, chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga hudungwa pamoja na oksitetrasaiklini.

Je, kuhama huku hutokea mara ngapi? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 ulichunguza sampuli 1,338 za E. coli kutoka kaya 99 za Nairobi, jirani ya Kitengela. Ulibaini kuwa watu na wanyama hubadilishana bakteria, ila kwa nadra. Lakini nadra si kamwe: mwaka wa 2019 inakadiriwa kuwa watu milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na bakteria sugu.

Kuchemsha maziwa huua bakteria, ila hakuondoi mabaki yote ya dawa. Ndiyo sababu chupa ya dawa huandikwa siku ambazo maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasinywewe wala kuuzwa. Aghalabu maandishi hayo huwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo.