Anza na Jani

Ukitoka Khayega kuelekea Shinyalu na Isecheno, kingo za barabara zinawaka manjano. Mgeni husimamisha gari, akapiga picha, na jioni akawaambia jamaa zake kwamba ameyaona maua ya msitu wa Kakamega. Hajayaona bado. Manjano yale ni ya tithonia, kichaka kilichotoka Meksiko na Amerika ya Kati, ambacho huku kimekuwa uzio wa boma na shamba hata watoto wanadhani kimekuwepo tangu enzi za mababu.

Siidharau tithonia. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi na wakulima wa magharibi mwa Kenya waliyapima majani yake mabichi wakakuta kwamba, yakihesabiwa kwa uzito mkavu, yana nitrojeni ya karibu asilimia 3.5 na potasiamu ya asilimia 4 hivi. Ukiyakata na kuyafukia shambani, ni mbolea. Lakini si mzaliwa wa msitu, na anayetaka kuujua msitu hana budi kulielewa hilo kwanza. Vichaka vinavyoonekana kwa urahisi kutoka barabarani, vingi ni vya kuja. Vya kwetu vingi vimejificha ndani, kivulini, na ua pekee halitoshi kuvitambua.

Rangi ndiyo inayopotosha watu zaidi. Mita chache kutoka kwenye tithonia unaweza kukuta kichaka kingine chenye maua ya manjano, nacho ni mzaliwa halisi wa Afrika: Senna didymobotrya, ambayo Wakalenjin huiita senetwet na kutumia mkaa wake kutayarishia kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando. Kwa mbali utasema ni ndugu wawili. Sogea. Jani la tithonia ni moja pana, limegawanyika mithili ya vidole. Jani la senna limepangwa vijani viwili viwili kwenye kikonyo kirefu. Kile unachokiita ua la tithonia ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, kama alizeti. Ua la senna ni ua moja lenye petali tano, na juu ya shada yamesimama matumba yenye rangi ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi. Shika jani lake, harufu itakukumbusha karanga zilizosagwa.

Senna ina jambo jingine linalonifurahisha kila mara. Chavua yake haimwagiki ovyo. Imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na nyuki wa kawaida wa asali hajui kuitoa. Wanaoweza ni nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za paa. Hukumbatia ua, wakatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na chavua ikarushwa nje. Tulia kando ya kichaka hicho asubuhi. Utasikia mvumo wa nyuki ukibadilika ghafla anapotua, ukawa mkali na wa juu zaidi. Ni wakati huo chavua inapotoka.

Basi tuanze na jani. Je, majani yamekabiliana mawili mawili, au yanapishana kwenye tawi? Ukikata jani, linatoa utomvu mweupe au halitoi kitu? Shina ni la mviringo au la pembe nne? Na ukilifinya jani, linanuka nini? Kukhu, yaani bibi, mmoja wa Shinyalu, aliyeniona nikikodolea macho kichaka huku nimeshika kitabu, aliniambia, "Finya, mwanangu, kisha nusa. Acha kuangalia tu." Hakusema onja, nami nasisitiza hivyo hivyo: usionje usichokijua.

Alichonipa kufinya kilikuwa mwonyi, Ocimum kilimandscharicum. Shina lina pembe nne, majani yamekabiliana, na harufu ni ya kafuri, kali ya kufungua pua iliyoziba. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu, kinaulima mwonyi na kutoa mafuta yake, ambayo hutengenezewa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta. Wanaoulima mwonyi shambani hawana haja ya kuuchuma msituni.

Tatizo ni kwamba lantana nayo ina shina la pembe nne, majani yaliyokabiliana na harufu kali. Lantana imetoka Amerika, imetapakaa, na majani yake huwadhuru ng'ombe maini. Pitisha kidole kwenye shina kwa uangalifu: lantana mara nyingi ina vimiiba vilivyopinda, mwonyi hauna. Maua ya mwonyi yamepanda kwa ngazi kwenye mshale mrefu, ya lantana yamekaa pamoja kama sahani ndogo. Itazame sahani hiyo kwa karibu. Katika lantana nyingi maua ya katikati, yaliyofunguka leo, ni ya manjano na yana mbochi. Ya pembeni yaliyokwisha kutembelewa yamegeuka waridi au mekundu. Kipepeo hujifunza haraka kuyaendea ya manjano.

Sasa ingia ndani ya msitu. Huu ndio upande wa mashariki kabisa wa misitu ya mvua ya aina ya Kongo, takriban kilomita za mraba 240, kati ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Chini ya miti mikubwa kuna kichaka chembamba ambacho wapitaji hukipita tu, wakitafuta nyani juu. Majani yake yamekabiliana, ni membamba na madogo. Weka kioo cha kukuzia pale vikonyo viwili vinapokutana na tawi: baina yao kuna kipande kidogo cha pembe tatu, kama ncha ya mkuki. Alama hiyo, pamoja na majani kukabiliana, inakuonyesha ukoo wa mbuni, yaani mti wa kahawa. Geuza jani, na kwenye pembe za mishipa utaona vishimo vidogo ambamo utitiri huishi.

Hiki ni Coffea eugenioides, mbuni wa mwituni, na ninaposimama mbele yake nashindwa kuondoka. Kahawa ya arabika inayonywewa duniani kote ina kromosomu 44. Ishirini na mbili zilitoka kwa mbuni huu, na ishirini na mbili kwa robusta, baada ya mimea hiyo miwili kuzaana yenyewe porini; utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kuwa hilo lilitokea kati ya miaka 350,000 na 610,000 iliyopita. Mwaka 2021, katika mashindano ya dunia ya barista mjini Milan, washindani kadhaa waliofika fainali walipika kahawa ya eugenioides iliyolimwa Kolombia, wakasifiwa kwa utamu wake. Mzazi huyo wa arabika yumo hapa, kwenye udongo wa Kakamega.

Waliotutangulia wameandika mengi kuhusu mimea ya huku. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kiliandikwa kwa vijitabu kuanzia 1952 hadi 2012, kikaeleza spishi 12,104. Sampuli nyingi zilizokisaidia zimo kwenye hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya Nairobi, iliyoanzishwa Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Sampuli iliyokaushwa hupoteza rangi na harufu, kwa hiyo mkusanyaji mzuri huandika vyote viwili papo hapo. Mimi sina kibali cha kukata tawi ndani ya hifadhi. Nina daftari tu.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ilinyesha, nami nikarudi siku chache baadaye. Mbuni ulikuwa umefunguka, maua meupe yasiyozidi ukucha, na njia nzima ilinukia asumini. Nikaandika: meupe, asumini, kivuli, majani mawili mawili. Siku ya tatu petali zilikuwa zimekwisha kuwa kahawia, nyingine ziko chini kwenye majani yaliyooza. Ilinibidi nipapase tawi hadi kwenye ile ncha ya mkuki, ndipo nikawa na hakika kwamba nimesimama mbele ya mti uleule.