Je, Wajua? Stima za Ziwa Nyasa Zilikuja Vipande Vipande, Michoro Ikatangulia

Ukitoka Kigonsera ukapita Mbinga mjini, barabara inashuka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, na hapo ziwa linafunguka lote mbele yako. Ziwa hili halina njia ya meli ya kutokea baharini. Mto Shire unaotoka kusini mwa ziwa una maporomoko ambayo hakuna chombo kinachoyapanda. Sasa zile meli za mvuke za zamani ziliingiaje?

Je, wajua kwamba stima ilifika Ziwa Nyasa kabla ya Victoria na Tanganyika? Iliitwa Ilala. Ilijengwa London katika karakana ya Yarrow, ikafunguliwa, ikaja kwa bahari hadi Msumbiji, kisha ikapanda mito ya Zambezi na Shire. Maporomoko yalipoizuia, wapagazi wapata 800 waliibeba kwa miguu. Juu ya maporomoko kiongozi wa msafara, E. D. Young, na mafundi wake waliiunga upya, na tarehe 12 Oktoba 1875 ikaingia ziwani kwa nguvu yake yenyewe.

Kazi kubwa ya safari ile ilifanyika mezani kwa mchoraji kabla chuma hakijakatwa. Kwa stima za namna hii, meli nzima ilichorwa kwanza: kila bamba, kila ubavu, kila tundu la ribiti. Kiwandani iliungwa kwa bolti za muda ili ionekane kama matundu yanakutana. Kisha kila kipande kikapigwa alama iliyolingana na alama ya kwenye mchoro, bolti zikafunguliwa, vipande vikafungwa mizigo. Aliyekuwa ziwani na karatasi mkononi alijua bamba fulani linakaa ubavu gani na linapakana na lipi. Matundu yakikosana kwa upana wa kidole, hakuna kiwanda cha kukimbilia. Barua na jibu lake ni miezi kadhaa.

Je, wajua kwamba desturi hii ya kuuza mashine pamoja na karatasi zake ni ya zamani kuliko stima zenyewe? Injini ya mvuke ya Thomas Newcomen, iliyofungwa karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712 kuvuta maji migodini, ilichapishiwa picha mwaka 1719 na Thomas Barney, ikiwa na orodha ya sehemu zake pembeni. James Watt, aliyeiboresha injini ya mvuke, na mshirika wake Matthew Boulton wakaenda mbali zaidi. Miaka ya mwanzo hawakutengeneza injini nzima. Silinda ilitoka kwa John Wilkinson, vipande vingine mteja alivitafuta mwenyewe, na wao walitoa vali na sehemu chache nyeti, fundi msimamizi na, juu ya yote, michoro. Karibu na mwaka 1780 walikuwa tayari na kijitabu kilichochapwa cha maelekezo ya kuifunga na kuiendesha injini. Kwangu mimi, kijitabu kile ni uvumbuzi mkubwa wa Watt ambao hausifiwi vya kutosha. Kiliiwezesha injini kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe asingefika.

Kunakili karatasi hizi kulikuwa adha nyingine. Mwaka 1780 Watt alipata hataza ya mashine ya kunakilia: unalowesha karatasi nyembamba, unaikandamiza juu ya maandishi ambayo wino wake haujakauka sawasawa, halafu unasoma nakala kwa upande wa pili. Mwaka 1842 mwanasayansi John Herschel akagundua karatasi inayogeuka bluu ikipigwa jua, na baadaye viwanda vikaitumia kutoa michoro yenye mistari myeupe kwenye bluu, kwa wingi na kwa bei nafuu.

Je, wajua kwamba mwaka 1899, mwaka ambao wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Kigonsera, wenzao Waanglikana wa shirika la misheni la UMCA walikuwa wakijengewa meli Glasgow? Ni Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilihili mwaka 1895. Ilibuniwa na Henry Brunel, mtoto wa Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa meli ya Great Eastern, na ikatengenezwa na Alley & McLellan. Ilisafirishwa ikiwa vipande 3,481.

Boila peke yake haikugawanywa. Chombo cha kubana mvuke kinahitaji maungio yasiyovuja hata kidogo, na maungio ya namna hiyo yalikuwa kazi ya kiwandani. Tani 11 zikafungiwa magurudumu, na Wangoni 450, ndugu za Wangoni wetu wa Songea, wakaivuta kwa kamba kiasi cha kilomita 100 katika nchi ambayo leo ni Malawi. Siku ikienda vizuri walipiga hatua ya kilomita tano hivi. Hesabu ya mchoraji wa Glasgow ilikuja kumalizika mabegani mwa watu hawa, na nadhani wanastahili kutajwa kila inapotajwa meli hiyo. Ilishushwa majini mwaka 1901, ikawa kanisa, shule na zahanati inayoelea, na ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1960 ilipofungwa injini ya dizeli.

Je, wajua kwamba Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, iliona mapigano ya kwanza ya meli za Uingereza na Ujerumani ziwani humu katika Vita Kuu ya Kwanza? Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake lenye umbo la sphinx. Stima yao, Hermann von Wissmann, ilijengwa Hamburg, nayo ikaja vipande vipande na kuingia majini mwaka 1893. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo pale Kapteni Rhoades wa Uingereza alipotokea na meli yake Gwendolen na kuifyatulia mzinga. Kapteni Berndt wa stima ya Kijerumani, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Waingereza hawakuichoma meli. Walimchukua Berndt na kuondoka na sehemu muhimu za injini. Vipuri vilikuwa Hamburg, na bahari ilikuwa imefungwa.