Mpiga Ngoma Aingia Darasani

Wazazi wengi hudhani kwamba kijana ajuaye ngoma hana haja ya darasa la muziki. Wengine huhofu kwamba darasa litamharibu mkono. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini na itazamwe pamoja na habari za Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1951.

Tamusuza alianza kwa muziki wa Buganda: kuimba, kupiga ngoma na zeze. Baadaye alisomea utunzi katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, kisha akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Mtu aliyekwisha kujua kupiga hutafuta nini katika nadharia? Yatazamwe marimba ya amadinda, yenye mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana. Mmoja hupiga mapigo yaliyo sawasawa, na mwenzake hutia yake katika nafasi zilizoachwa. Kila mmoja huhisi kwamba pigo lake ndilo la msingi, na la mwenziwe ndilo linaloingia katikati. (Katika gwaride, askari wawili wenye kuhesabu hivyo wangetolewa mstarini.) Mapigo yakichanganyika, sikio husikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji mmoja aliyezipiga, naye mtu wa tatu huzidokoa kwa mbao mbili zenye sauti nyembamba kuliko zote.

Mikono huyajua hayo pasipo kuyataja. Nadharia huyapa majina na maandishi, hata mtu asiyekulia Buganda aweze kuagizwa la kufanya. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ekitundu Ekisooka, yaani Sehemu ya Kwanza, aliyoitunga Tamusuza kwa fidla mbili, viola na selo. Wamarekani wanne wa Kronos Quartet waliipiga katika sahani yao ya Pieces of Africa, iliyotolewa mwaka 1992.

Hata hivyo nota zina upungufu wake. Sauti tano za amadinda hupishana kwa hatua zinazokaribia kulingana, wala hazioani na vibao vya piano. Azipigaye kwa kufuata karatasi peke yake atazikosea, hata awe hodari wa kusoma nota kama askari wa bendi. Hapo mwanafunzi hana budi kumrudia mzee mwenye amadinda, aketi mbele yake na kusikiliza.

Tamusuza mwenyewe alirejea nyumbani, akafundisha nadharia na utunzi Makerere.